Shajara ya mradi: Ndege wawili wa Usambara katika kisanduku kimoja

Huu ni mradi wa klabu ya mazingira ya shule ya sekondari hapa Tanga mjini, ambayo mimi ni mwalimu mlezi wake. Tunatengeneza bango la ukutani na kisanduku cha sauti chenye vitufe viwili. Ukibonyeza kimoja unamsikia ndege wa msitu wa Amani, ukibonyeza cha pili unamsikia ndugu yake wa msitu wa Magamba, na bango linakueleza kwa nini mmoja anahofiwa kutoweka na mwenzake hahofiwi. Naandika kila hatua inapokamilika ili shule nyingine ikitaka kunakili isirudie hasara zetu. Bei zote ni shilingi, na ni za hapa kwetu.

8 Septemba 2024: Kuchagua ndege

Wanafunzi walitaka kunguru. Hoja yao haikuwa mbaya: kitaalamu kunguru, pamoja na makelele yake yote, yumo katika kundi kubwa la ndege waimbao, na Tanga huna haja ya kumtafuta. Lakini kunguru mweusi aliyeletwa kutoka Bara Hindi (Corvus splendens) na yule mwenye kifua cheupe (Corvus albus) wote wako daraja la wasiotia wasiwasi katika Orodha Nyekundu ya IUCN, orodha ya kimataifa inayopanga viumbe kwa hatari ya kutoweka. Bango lingeishia kuwa malalamiko juu ya vifaranga vya kuku vinavyoibwa.

Tulihitaji ndege wawili wanaofanana karibu kila kitu isipokuwa hatima. Kwa mgawanyo tulioufuata, jenasi ya Artisornis ina spishi mbili tu duniani, na zote mbili zinapatikana katika mkoa wetu. Ya kwanza ni Artisornis moreaui: mdogo, wa kijivu, mwenye mdomo mrefu mwembamba. Aliandikwa kisayansi mwaka 1931, akapewa jina la Reginald Moreau, mtafiti wa kituo cha Amani, kile kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Ya pili ni Artisornis metopias, aliyeandikwa mapema zaidi, mwaka 1907: kichwa chekundu cha kutu, tumbo jeupe jeupe, mdomo wa kawaida. Wote ni wala wadudu, wote ni wa misitu ya milimani. Klabu iliwaita Mdomomrefu na Kichwachekundu, na ndivyo nitakavyowaita humu.

Mdomomrefu anajulikana sehemu mbili tu: Usambara Mashariki (Amani na Nilo) na mlima Njesi, kaskazini mwa Msumbiji. Kati ya huku na huko ni zaidi ya kilomita 900. Wa Njesi walikusanywa mwaka 1945 na Jali Makawa, Mwafrika aliyekuwa akimkusanyia ndege mtaalamu wa ndege C. W. Benson. Baada ya hapo hapakuwa na habari zao mpaka walipoonekana tena mwaka 2001. Kichwachekundu naye yupo Usambara, Nguru, Ukaguru, Uluguru, Udzungwa, na anafika Msumbiji.

Hatua hii haikutugharimu kitu zaidi ya vifurushi vya intaneti.

29 Septemba 2024: Vifaa vya kurekodia

Vinasa sauti vya watafiti vinaagizwa nje, kwa hiyo tukaamua kutumia simu. Moja ilitolewa na mzazi, nyingine tuliinunua ya mtumba Ngamiani, hapa mjini, kwa 60,000. Kila simu iliingia kwenye kontena la plastiki la chakula lenye mfuniko wa kubana (mawili, 9,000).

Majaribio tuliyafanya chini ya mwembe wa shule, na karibu kila kitu kilikataa. Naeleza kwa urefu kwa sababu ndipo muda wetu mwingi ulipoishia.

Kwanza, kirekodi kilichokuja na simu. Sauti za watu zilisikika safi, ndege hakuna. Kumbe kilikuwa kinahifadhi sampuli (vipimo vya sauti) 8,000 kwa sekunde, na kwa kiwango hicho chochote kinachozidi kilohezi 4 hakiwezi kuingia kabisa. Ndege wengi wadogo huimba juu ya hapo. Tuliweka programu nyingine inayohifadhi faili za WAV (sauti isiyobanwa) kwa sampuli 48,000.

Hata hapo ndege aliimba mara mbili, ya tatu akafifia kama aliyezibwa mdomo. Simu imetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo: ikisikia sauti nyembamba inayojirudia inaihesabu kuwa ni kelele na kuifuta. Tafuta programu yenye chaguo la sauti ghafi, isiyochujwa, na uzime marekebisho ya kiwango yanayojiendesha. Bila hilo, mengine yote ni kazi bure.

Pili, tundu la maikrofoni. Tulilitoboa kwenye kontena, tukaliziba kwa silikoni nyembamba ili mvua isiingie. Mvua haikuingia, wala sauti za juu. Dawa tuliipata kwa fundi bomba anayekarabati vyoo vya shule: ile tepu nyeupe laini ya kufungia nyuzi za bomba. Tabaka moja lililovutwa likakaza juu ya tundu linazuia matone na linapitisha mlio. Tepu ni 1,000 na inatosha makontena mengi.

Tatu, umeme. Tulinunua pawa benki mbili kwa 50,000, na hiyo ndiyo hasara yetu ya kwanza. Simu ikijaa, pawa benki inajizima kwa kuona hakuna anayevuta umeme, na haijiwashi tena mpaka uchomoe waya na kuuchomeka upya. Msituni nani atachomoa? Suluhisho lilikuwa kutozihitaji: simu imewekwa “hali ya ndege” (ile inayozima mtandao), skrini imezimwa, programu imepangiwa kurekodi kuanzia saa kumi na mbili kasoro robo hadi saa mbili na nusu asubuhi basi. Saa moja ya WAV ya chaneli moja ni takribani megabaiti 346, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 32 (mbili, 40,000) inabeba zaidi ya juma zima la alfajiri.

Unyevu tuliukabili kwa vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu. Maduka ya viatu yanavitupa, omba.

Jumla ya hatua hii: 160,000.

20 Oktoba 2024: Amani

Kidato cha nne wako kwenye maandalizi ya mtihani na cha pili vilevile, kwa hiyo walikuja wa kidato cha kwanza na cha tatu. Tanga hadi Muheza kwa basi, Muheza hadi Amani kwa gari la kukodi. Barabara ya kupanda ni ileile, mabegi magotini, kona baada ya kona. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, ina tozo ya kuingia na utaratibu wa vibali. Uliza ofisini kabla hujafunga safari, na eleza wazi kwamba unaacha vifaa msituni usiku.

Mwongozaji wetu ni mzee mwenyeji wa hapo. Mwanafunzi mmoja alikuwa na mlio wa Mdomomrefu kwenye simu yake, akamwomba:

“Shikamoo babu. Tumpigie sauti yake ili aje karibu?”

“Marahaba mjukuu wangu. Ukimpigia, atajua kavamiwa nyumbani kwake. Ataacha kulisha watoto aje agombane na simu yako. Wageni wakija kumi kwa wiki, kila mmoja na simu yake, atakula saa ngapi?”

Suala la kupiga sauti likafungwa hapo. Katika mradi huu hakuna kumwita ndege kwa mlio wake, na kisanduku kikikamilika hakitoki darasani. Ukinakili mradi, nakili na hili.

Nilichojifunza hapo kuhusu Mdomomrefu kilinibadilishia picha niliyokuwa nayo. Nilidhani ndege adimu wa msituni atakuwa katikati ya msitu, gizani, kwenye miti mikubwa. Huyu anapenda mahali penye mwanya, mti ulipoanguka au msitu unapokomea, ambapo mimea itambaayo imepanda na kufungamana mpaka hupenyezi mkono. Mzee alituonyesha sehemu kama hiyo hatua chache kutoka kwenye njia, mashamba ya chai yakiwa yanaonekana. Mtu nadhifu akipita hapo na panga ataona vurugu ya kusafishwa, na akiisafisha atakuwa amevunja nyumba. Vurugu hiyo ya matambazi, yaani mimea itambaayo, haihusiani na “msitu mzuri” wa kwenye kalenda.

Simu ya kwanza tuliifunga karibu na kijito. Maji yalijaza spektrogramu (picha inayoonyesha sauti nzito chini na nyembamba juu) yote kuanzia chini hadi juu, faili zote zikawa za kutupwa. Ya pili ilikuwa mbali na maji, ikapata milio mizuri ya jozi ikijibizana, sauti inayobeba mbali kuliko mwili wake unavyoonyesha. Katikati ya kipande bora kuliko vyote akapita hondohondo, na mabawa yake yanavuma utadhani lori linapanda mlima. Tulibakiza kipande kingine, kifupi lakini safi.

Faili tuliziangalia kwenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti. Badilisha mwonekano wa wimbi uwe spektrogramu, macho yatapata mlio haraka kuliko masikio. Programu ya kutambua ndege kwa sauti tuliijaribu pia. Ilitutajia ndege wa Ulaya mpaka tulipoiwekea mahali na mwezi, na hata baada ya hapo uamuzi wa mwisho tulimwachia mzee.

Gharama bila tozo za hifadhi: 210,000, pamoja na ujira wa mwongozaji.

17 Novemba 2024: Magamba

Kichwachekundu tulimfuata Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, juu ya mji wa Lushoto. Baridi ya huko watoto wa Tanga mjini hawakuitarajia, hata niliowaambia. Vioo vya simu vilifanya umande ndani ya kontena. Vipakiti vya viatu vikaongezwa, basi.

Tatizo lilikuwa urefu. Kutoka Amani tulikuwa na mazoea ya kufunga simu juu, kiasi cha kuinua mikono na mtu kusimama kwenye jiwe. Magamba tulifanya vilevile tukaambulia upepo na ndege wa juu. Kichwachekundu anashughulika chini, kwenye vichaka vya kivuli, mara nyingi wawili au familia ndogo, akipekua majani kwa mlio mdogo usiofika mbali. Tulishusha simu hadi usawa wa goti na kuielekeza kichakani, tukampata. Huyu kiota chake hukishona kwa majani na utando wa buibui, ingawa hatukukitafuta: kutafuta viota na kundi la wanafunzi ni kuwafungulia njia wanyama wanaokula mayai.

Gharama bila tozo: 185,000.

Januari 2025: Jedwali lililosema kinyume

Shule imefunguliwa. Kabla ya likizo wanafunzi walitengeneza jedwali la bango: rangi, urefu wa mdomo, chakula, makazi, na mstari wa mwisho, “mara aliyosikika”. Tukalichapisha, 35,000. Siku ya kulibandika, mwanafunzi wa kidato cha pili ambaye hakwenda safari alilisoma akauliza: “Mwalimu, kwa hiyo anayetoweka ni huyu wa kichwa chekundu?”

Alikuwa sahihi kabisa kwa mujibu wa jedwali. Kwenye faili zetu Mdomomrefu amesikika mara nyingi kuliko mwenzake. Aliye adimu duniani ametokea kuwa ndiye wa kawaida kwenye rekodi zetu.

Tulitumia vipindi kadhaa vya klabu kulichambua hili, na kwangu ndicho kiini cha mradi. Sababu ya kwanza ni sauti: mmoja anapaza na mwingine ananong’ona. Ya pili ni simu za Magamba zilizokuwa juu mno kwa sehemu ya muda. Ya tatu ndiyo nzito. Amani hatukuweka simu popote tu. Tulipelekwa na mtu anayejua jozi ilipo. Ukipelekwa mlangoni kwa mtu utamkuta, na hilo halikuambii mtaa una watu wangapi. Hesabu zetu zilipima ujuzi wa mzee.

Kisha tukafungua vigezo vya Orodha Nyekundu ya IUCN na kuvisoma polepole. Kuna madaraja saba kwa spishi zenye taarifa za kutosha, kuanzia wasiotia wasiwasi, kupitia waliokaribia hatari, walio katika hali tete, walio hatarini, walio hatarini sana, waliotoweka porini, hadi waliotoweka kabisa. Hakuna mahali panapouliza umemsikia mara ngapi. Kigezo kimoja kinauliza eneo: chini ya kilomita za mraba 20,000 ni hali tete, chini ya 5,000 ni hatarini, chini ya 100 ni hatarini sana. Na eneo dogo peke yake halitoshi. Lazima ziwepo mbili kati ya dalili tatu, yaani makazi yaliyokatika vipande au kubaki sehemu chache, kupungua kunakoendelea, na idadi inayopanda na kushuka kupita kiasi. Kigezo kingine kinahesabu ndege waliokomaa: pungufu ya 1,000, ya 250, ya 50.

Wanafunzi walijaribu kupima eneo la Mdomomrefu kwa uzi na pini kwenye ramani: Amani, Nilo, Njesi, halafu uzi kuzunguka zote tatu. Ikatoka pembetatu ndefu nyembamba inayopita juu ya nusu ya kusini ya Tanzania, na karibu yote ni nchi asiyoishi ndege huyu. Mmoja akasema ramani inadanganya. Hapo ndipo kipimo cha pili kinapoeleweka: badala ya kuzungushia uzi, unagawa ramani katika miraba ya kilomita mbili kwa mbili na kuhesabu ile tu ambamo ndege yumo. Mipaka yake ni midogo zaidi: 2,000, 500 na 10. Tulipopaka rangi miraba ya Usambara Mashariki yenye msitu, sehemu ya ramani iliyobaki nyeupe ilijieleza yenyewe.

Kwa Kichwachekundu uzi unapita mlima baada ya mlima. Msitu wa Lushoto ukiharibika ni msiba, lakini anao ndugu Uluguru na Udzungwa. Mdomomrefu, matambazi ya Amani na Nilo yakiondoka, anabaki na mlima mmoja Msumbiji. Tofauti yao ya hadhi iko hapo. Mdomo na rangi havina neno.

Mstari wa “mara aliyosikika” umefutwa. Bango limechapishwa upya, 35,000 nyingine, pamoja na uzi na pini za 4,000.

Mabadiliko mawili zaidi kwenye bango jipya. Daraja la kila ndege sasa liko kwenye kadi inayochomekwa na kuchomolewa, na kadi ina mwaka wa tathmini. Madaraja hupitiwa upya. Kwa miaka mingi Mdomomrefu alikuwa kwenye “hatarini sana”, na kadi hiyo tumeihifadhi nyuma ya bango ili wanafunzi waone historia. Kichwachekundu yuko “hatii wasiwasi”. Ukinakili, tazama orodha ya mwaka wako. La pili: ramani ya Amani haina alama ya mahali tulipofunga simu. Atakayetaka kumwona aende ofisi ya hifadhi, achukue mwongozaji, alipe.

9 Februari 2025: Kisanduku

Plaiwudi 18,000, moduli ndogo ya kuchezea MP3 12,000, spika 6,000, vitufe viwili 2,000, kishikio na betri 7,000, rangi na gundi 10,000, ujira wa fundi redio wa Ngamiani 20,000. Jumla 75,000.

Kitufe cha Amani kilitoa sauti ya Magamba. Fundi alibadilisha nyaya, ikawa sawa. Tulipofuta kadi na kuweka faili upya ikageuka tena. Baada ya kuhangaika ikajulikana kwamba moduli za aina hii hazisomi jina la faili. Zinafuata mpangilio ambao faili zilinakiliwa kwenye kadi. Fomati kadi, nakili faili ya kwanza peke yake, isubiri iishe, ndipo unakili ya pili. Usizivute zote kwa pamoja.

Jingine ni ukubwa wa sauti. Tulizilinganisha faili zote mbili ziwe na nguvu sawa, kwa sababu ya wa nyuma darasani. Fundi, ambaye hajawahi kufika Magamba, akauliza kwa nini ndege wawili tofauti wanapiga kelele sawasawa. Swali zuri. Tukairudisha ya Kichwachekundu chini, na kwenye kisanduku pakaandikwa: “Sogeza sikio.”

2 Machi 2025: Jaribio na hesabu

Kisanduku na bango vimekaa shule jirani kwa wiki. Vitufe vimeanza kulegea. Vya kengele ya mlango vitafaa zaidi kuliko hivi vya redio. Pini za ramani zimepungua, kwa hiyo toleo lijalo litatumia vishikizo vilivyogundishwa. Kadi za madaraja ndizo zilizobishaniwa kuliko kitu kingine, na wengi walimpa Kichwachekundu kadi ya “hatarini” mpaka walipoishika ramani ya uzi.

Vifaa vya kurekodia 160,000, Amani 210,000, Magamba 185,000, kisanduku 75,000, bango 74,000. Jumla 704,000 bila tozo za hifadhi. Atakayefuata shajara hii ataokoa 85,000: pawa benki hazihitajiki, na bango lichapishwe mara moja. Akiwa na simu mbili za kuazima, ataondoa na ile 60,000.

Kisanduku cha pili kitatengenezwa baada ya masika, kwa ajili ya shule moja ya Korogwe iliyokwisha kutupa vipimo vya ukuta wao. Faili za sauti tutawapa zilezile. Hakuna sababu ya kurudi msituni kusumbua jozi ileile kwa ajili ya nakala.